Shahidi Aliyekataa Kuapa

Juzi mlipobishana hapa sebuleni mpaka chai ikapoa, mlidhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilifumba macho tu, maana nimeona kwamba mzee akifumba macho, vijana wanasema wanachokifikiri kweli. Nilimsikia Daudi akisema nchi ingenyooka kama sheria zote zingeandikwa kutoka kwenye amri za Mungu. Nikamsikia Zuhura akimjibu, "Za dini ipi, na kwa tafsiri ya nani?" Mkapandishiana sauti, kila mmoja akaenda zake. Hakuna aliyeniuliza mimi babu yenu, na mimi ndiye niliyekula mshahara wa serikali kwa kazi ya kuwaapisha watu.

Basi leo kaeni. Zuhura, mwite na Daudi kaka yako, asijifanye anasoma.

Mimi nilikuwa tarishi wa baraza wakati wa Mwingereza, huku kwetu Iramba, upande wa Nduguti. Nyie mkisikia tarishi mnamfikiria mtu wa ofisini anayebeba mafaili na kumpelekea bosi soda. Tarishi wa baraza alikuwa mtu mwingine. Mtemi alikaa kwenye kiti, wazee wa baraza wakakaa kwenye benchi kulia na kushoto kwake, karani akaandika. Lakini hao wote wangekaa wakitazamana tu kama mimi nisingetembea. Mshitaki nilimwita mimi, mshitakiwa nilimleta mimi, mashahidi niliwafuata mimi porini na mifugo yao. Wakishafika, niliwanyamazisha, na mmoja mmoja nikamwapisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kitundu. Yeye alianza enzi za Mjerumani, na alipenda kuwasalimia Waingereza kwa Kijerumani ili aone watakunja uso vipi. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, na hakuna aliyemwacha nyuma njiani. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Mfugaji usimpelekee wito asubuhi anapokamua. Atakuambia ndiyo, ndiyo, halafu hatakumbuka hata uso wako. Nenda jioni, ng'ombe wameingia zizini, mtu amekaa. Na ukifika usianze na baraza. Uliza mvua, uliza mtama, uliza watoto. Ukianza na baraza anaona jela mbele yake, na mtu anayeona jela hasikii tarehe."

Hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha serikali, lakini bila hayo nisingefikisha hata mashahidi wawili kwa mwezi. Serikali yenyewe ilinipa kaptula ya kaki, beji ya shaba na viatu. Viatu nilivitundika begani njia nzima, nikavivaa nikikaribia mji wa mtu, kwa sababu aliyevishona nadhani hakuwahi kuona mguu.

Sasa viapo. Barazani tulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na Biblia na Msahafu, na kwenye kona nyuma ya kiti cha Mtemi ulisimamishwa mkuki. Mkristo aliapa kwa Biblia, Mwislamu kwa Msahafu, na aliyebaki na mambo ya wazee wetu aliushika mkuki akawataja watangulizi wake. Vitabu vyote viwili vilifungwa kwa kitambaa cha pamba cha marekani, kimoja na kilekile, cheupe, ili vumbi lisiingie. Siku moja nilikuwa na haraka, nikampa kitabu shehe mmoja mzee kutoka mbali kidogo. Akakifungua taratibu, akakitazama, akanitazama. Akasema kwa upole, "Mwanangu, leo umeniita kushuhudia au kubatizwa?"

Baraza zima lilicheka mpaka Mtemi akajifuta machozi. Jioni ile Mzee Kitundu aliketi na sindano akavishonea vitabu mifuko, mmoja mweupe, mwingine wa kijani. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Usione aibu. Ungempa kichwa kigumu, leo tungekuwa na kesi ya pili."

Nawaambia hili mjue kwamba nilizishika dini zote kwa mikono yangu, kila siku ya kesi. Na nyumbani kwetu ilikuwa hivyohivyo. Baba yangu alikufa akiwa mtu wa mkuki. Mama alibatizwa. Mimi nililelewa na mjomba aliyekuwa Mwislamu, ndiyo maana naitwa Ramadhani Msengi. Mama alinipikia daku huku akiimba nyimbo zake za kanisani, na hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ililetwa na Jumbe mmoja. Jina lake silitaji, wajukuu zake mnacheza nao mpira. Alikuwa msimamizi wa vijiji vya upande wetu, chini ya Mtemi. Alibatizwa akiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza, na dini aliingia kwa joto lote. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliacha pombe kwa siku moja, akaacha kuwapiga watu, na wake wa majirani walimshukuru Mungu waziwazi. Lakini baadaye akasema kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwa chake peke yake. Akapiga mbiu: kwenye vijiji vyake, siku ya Jumapili hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kuuza wala kurina asali. Si kwa Wakristo tu. Kwa watu wote. Atakayekutwa, mbuzi mmoja.

Watu wengine walifurahi, msinielewe vibaya. Wanawake walipata siku moja ya kupumzika jembe. Lakini alikuwepo kijana mmoja, Shabani, aliyefanya kazi ya kuanika ngozi kwenye duka la Mhindi. Duka lilifungwa Jumapili tu. Ijumaa alipewa nafasi ya kwenda kuswali, siku nyingine zote alinuka ngozi. Shamba lake angelilima lini? Akalima Jumapili, akakutwa, mbuzi wake akachukuliwa. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa maziwa.

Shabani alisimama mbele ya watu akamwambia Jumbe, "Cha moto utakiona!"

Nyie mnacheka, mnajua ni maneno ya hasira tu. Sisi wa bara Kiswahili tulikivaa juu ya Kinyiramba, na watu wengi waliosikia siku ile walisikia moto.

Haukupita mwezi, moto ukaja. Ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno, watu wanalima mapema wakingoja mvua, mabua yamekauka mashambani na upepo wetu huu mnaujua. Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, boma la Jumbe likashika. Kihenge cha mtama kikaungua, zizi la ndama likaungua, na ndama watatu wakafia humo. Mtu hakufa, lakini mtama ule ulikuwa wa kuwafikisha mpaka mvua, na mvua za mwaka ule zilikuwa hazieleweki. Watu walikimbilia kuzima, Shabani naye akakimbilia, na moto ulipokwisha alisimama pale mweusi kwa masizi. Jumbe alimtazama, akawatazama watu. "Nani alisema nitakiona cha moto?"

Kulikuwa na mzee wa kanisa, Elifasi, mtu wa watu, fundi wa mizinga ya nyuki. Watu wakamwuliza kama alimwona Shabani eneo lile kabla ya moto. Elifasi akatikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo kesi ilivyofika barazani kwetu. Mtemi aliijua hatari yake. Kuchoma makazi si kesi ya mbuzi. Ikionekana ni kweli, Shabani angepelekwa bomani Singida kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, na kutoka huko angekwenda jela ya miaka mingi. Mama yake alikuwa amekaa nje ya banda la baraza, kajifunika kanga kichwa chote.

Nilizunguka siku kadhaa kutafuta mashahidi. Sijawahi kuona kazi ngumu namna ile. Kila nyumba niliyoingia niliulizia mvua, nikaulizia mtama, nikaulizia watoto, na nilipofika kwenye swali la Jumapili asubuhi ulikuwa wapi, watu wakageuka mawe. Mmoja alisema alikuwa kanisani huku mkewe anatazama ardhi. Mwingine alisema aliumwa. Nilirudi kwa Mzee Kitundu nimechoka, nikamwuliza, watu wa vijiji vile wana siri gani? Akacheka. "Hawana siri. Wana kazi. Nusu yao walikuwa shambani. Jumbe amewatoza mbuzi kwa kulima, sasa anataka wasimame mbele yake waseme waliona nini wakiwa wanalima."

Naombeni mlishike hilo, Daudi hasa. Watu waaminifu kabisa, ambao wasingeiba hata yai, walikuwa wamegeuzwa kuwa watu wa kujificha. Na pamoja na jembe walilolificha, waliuficha na ukweli ambao ungemwokoa mtu.

Na Shabani mwenyewe alifunga mdomo. Nilimwuliza njiani nikimleta, "Ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikuwa kwenye kazi ya heri. Zaidi ya hapo niache, kaka." Nikamwambia kazi ya heri haina mlango wa kutokea jela.

Siku ya kesi banda lilijaa, wengine wakasimama nje wakichungulia juu ya ukuta mfupi. Jumbe alieleza hasara yake, na sauti yake ilikatika alipofika kwenye ndama. Watu wawili walieleza maneno ya cha moto utakiona. Halafu nikamwita Elifasi.

Kwa kawaida mimi ndiye hufungua sanduku, natoa kitabu, namwelekeza mtu aweke mkono. Elifasi hakungoja. Aliipokea Biblia kwa mikono miwili, akaibana kifuani, akaapa kwa sauti iliyowafikia walioko nje. Alisema jino lilimchelewesha kwenda kanisani, na njiani alimwona Shabani anatoka upande wa zizi ameshika kijinga cha moto. Mzee Kitundu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Mbona amekikumbatia hivyo? Kitabu hakikimbii."

Shabani naye akaapa kwa Msahafu, akasema hakuchoma. Mtemi akamwuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa kazini kwa mtu, na huyo mtu hatamtaja. Wazee wakatazamana. Mzee Kingu, mkubwa wa wazee wa baraza, mtu wa mkuki kama baba yangu, akasema kwa masikitiko, "Kijana, unajifunga kamba mwenyewe."

Mtemi alikuwa ameinua mkono ili aseme neno la mwisho la siku, ndipo watu wa mlangoni wakaanza kusogea, akaingia mama mmoja. Tulimwita Mama Yona. Mjane, ana watoto wadogo na mama mkwe aliyepooza. Mkristo wa siku nyingi, tena anayejua kusoma, na wakati ule mama anayejua kusoma alihesabika. Mimi sikuwa nimemwita. Nyumba yake niliipita, watu waliniambia huyo hakosi kanisani.

Akapiga goti. "Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba, mama. Una shauri?"

"Nina ushahidi, Mtemi. Juu ya Shabani."

Shabani akasimama. "Mama, usiseme!"

Nikamkalisha. Nikatoa Biblia kwenye mfuko wake mweupe, nikamwelekezea Mama Yona. Hakuigusa. Nikadhani hakuelewa, nikamsogezea.

"Siapi, baba," akaniambia taratibu, na aliniita baba ingawa alinizidi umri. "Bwana Yesu alikataza tusiape. Alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, siyo yetu iwe siyo."

Nikabaki nimenyoosha mkono na kitabu. Katika kazi yangu niliona watu walioogopa kuapa kwa sababu watadanganya. Sikuwa nimeona aliyekataa kuapa kwa sababu ya kilichoandikwa ndani ya kitabu chenyewe.

Jumbe akaruka. "Mtemi, mama huyu anaidharau Biblia mbele ya baraza!"

"Siidharau, Jumbe," Mama Yona akasema. "Nimeisoma."

Walioko nje walicheka, nikawanyamazisha. Mzee mmoja wa baraza, Mwislamu, akajaribu kusaidia. Akasema, basi kitabu kiwekwe pembeni, amtaje Mungu kwa mdomo tu. Mama Yona akajibu kwa heshima kwamba hiyo nayo ni kuapa. Mzee Kingu akauliza, je, mkuki? Akacheka kidogo, akasema, "Baba, hata huo."

Sasa ikawa kazi. Taratibu yetu ilikuwa asiyeapa hasikilizwi. Mzee Kingu alisema waziwazi, "Mtu asiyeapa hana kinachomfunga. Akitudanganya tutamshika kwa lipi?" Karani aliacha kuandika. Mkono wangu ulianza kuuma, nikakumbuka kwamba bado nimeshika Biblia hewani, nikaishusha. Niliwaza: mama huyu ana neno la kumtoa mtu jela. Sheria inamwambia usiseme mpaka uape. Amri yake inamwambia usiape. Na Mungu ni huyohuyo, kitabu ni hikihiki kilicho mkononi mwangu. Kijana wa watu ataoza jela katikati ya hapo.

Mtemi alimwashiria Mama Yona asogee karibu. Halafu akamwambia, "Mama, tuseme nikikusikiliza hivyohivyo. Ukisema uongo, nikufanyeje?"

"Unifanye kama unavyomfanya aliyeapa, Mtemi. Nifunge. Mungu namwogopa, lakini na jela yako ninaijua."

Mtemi akageukia wazee. Mzee Kingu akajikuna kidevu, akasema, "Hapo anashikika." Yule mzee Mwislamu akaitikia. Mtemi akamwambia karani, "Andika. Hakuapa. Ameahidi kusema kweli, na akidanganya adhabu ni ileile." Nikasikia banda zima linashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu.

Mama Yona akasema. Jumamosi jioni boriti ya nyumba yake ya tembe ilipasuka, udongo wa paa ukaanza kumwagika juu ya kitanda cha mama mkwe. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujigeuza. Asubuhi akamwomba Shabani, jirani yake, aje asimamishe nguzo. Shabani akamwambia leo Jumapili, mama, utaingia matatani. Akamwambia njoo tu. Shabani alikaa juu ya paa lile tangu kengele ya kwanza ya kanisa mpaka alipoona moshi, akaruka chini akakimbia kuzima.

"Siku ya Bwana!" Jumbe akasema, lakini safari hii sauti ilikuwa imepungua.

"Siku ya Bwana, Jumbe. Najua nitaulizwa kanisani, na najua mbuzi wako. Shabani alinyamaza ili kunificha mimi. Sikuweza kulala juu ya jela ya mtu."

Mzee Kingu akasema, "Mimi namwamini." Mtemi akamwuliza kwa nini. "Kwa sababu tangu asubuhi kila aliyesimama hapa amesema neno la kumfaa. Huyu peke yake amesema neno la kumponza."

Halafu Mtemi akauliza swali lililofungua yote, na aliuliza bila kulipania, kama mtu anayemalizia. "Huo moshi Shabani aliuona wapi kwanza? Zizini?"

"Hapana, Mtemi. Aliniita kutoka juu ya paa akasema, mama, kuna moshi kwenye ule mti wa mgunga wenye mizinga. Baadaye ndipo ukaja zizini, upepo ulikuwa unaelekea huko."

Mgunga ule ulikuwa nyuma ya boma la Jumbe, na mizinga yake kila mtu aliijua ni ya nani. Macho yote yalikwenda kwa Elifasi. Alikuwa ameketi, mkono umeshika shavu. Nikakumbuka, na naamini wote tulikumbuka pamoja, kwamba wiki ile Elifasi alitembea uso umevimba, jicho moja halionekani, na alimwambia kila mtu ni jino.

Mzee Kingu akamwuliza kwa upole, "Elifasi, lile jino lilipona?"

Hakuna aliyecheka. Elifasi aliteremka kutoka kwenye benchi, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. Akasema, "Ni mimi. Nilikuwa narina."

Maelezo yake yalitoka kama maji yaliyozuiwa. Binti yake alikuwa anaolewa, na wakwe walitaka asali ya pombe ya harusi. Yeye mzee wa kanisa, ataonekanaje na asali ya pombe? Na Jumbe amekataza kurina Jumapili. Basi akachagua saa ambayo watu wote wako kanisani, ili asionekane. Anayejua nyuki anajua hawarinwi jua likiwa kali. Walimrukia, akaangusha kijinga kwenye mabua, akakimbia akijipiga uso. Alipogeuka, mabua yalikuwa yamewaka. "Sikutaka kumfunga Shabani," akasema. "Nilitikisa kichwa tu, nipate nafasi ya kupumua. Halafu Jumbe akaniandika kuwa shahidi. Halafu nikaitwa. Kila siku nilisema nitasema kesho."

Mama yake Shabani alipiga kigelegele huko nje kabla Mtemi hajatamka chochote. Sikumnyamazisha. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Mtemi alimwachia Shabani palepale. Elifasi alimpa kifungo kifupi kwenye jela ndogo ya makao makuu ya mabaraza kwa ushahidi wa uongo, na akitoka alijenge upya zizi la Jumbe na kihenge chake. Kisha akamgeukia Jumbe.

"Amri hii ya Jumapili ulipewa na nani?"

"Na Mungu, Mtemi."

"Sawa. Mungu alikupa uishike. Mimi sikukupa uwashikishe watu. Rudisha mbuzi."

Jumbe aliinamisha kichwa. Kwa heshima yake niseme, mbuzi walirudi wote, na yeye aliendelea kupumzika Jumapili mpaka kufa kwake, na wengi wakapumzika pamoja naye kwa kupenda. Mama Yona aliitwa kanisani kama alivyotegemea. Mwinjilisti alimwuliza swali moja tu, nani alikuwa chini ya ile boriti. Alipojibiwa, akamwambia arudi kwenye benchi lake.

Sasa, Daudi, usitazame chini kama umeshindwa, na wewe Zuhura usitabasamu. Sijamaliza.

Niliapisha watu miaka mingi, mpaka Uhuru ukaja, mabaraza ya watemi yakafungwa, wakaja mahakimu na baiskeli. Sikuona dini wala mkuki uliomruhusu mtu kuiba, kuua au kumsingizia mwenzake. Hapo wote tulikaa benchi moja, na sheria ilikaa vizuri juu yetu. Ilipochukuliwa amri ya nyumba moja ikabebeshwa nyumba zote, niliona watu wema wakijificha, na mzee wa kanisa akiogopa aibu kuliko uongo. Hilo ni lako, Zuhura.

Lakini na lako lipo, Daudi. Sheria ilinituma mimi nikaite mashahidi. Nilikuwa na beji, nilikuwa na wito wenye mhuri, nilizunguka vijiji vyote, na sikumleta mtu hata mmoja wa kumwokoa Shabani. Mama Yona hakuitwa na mimi. Aliitwa na kitu alichokishika mwenyewe bila askari, na kitu hicho hakiwezi kuandikwa kwenye sheria ya nchi kikabaki kilekile. Jumbe alijaribu, mkaona.

Nitawaambia jambo moja la mwisho, kisha mkalale.

Mimi ndiye niliyemsindikiza Elifasi kwenda kifungoni. Sikumfunga kamba. Sehemu kubwa ya njia nilidhani analia moyoni, hata nikawa natafuta neno la kumpa. Tulipofika penye mashamba ya mwisho alisimama ghafla. Nikafikiri anataka kukimbia.

"Msengi," akaniambia, "njaa inaniuma."

Nikamtazama. Uso ulikuwa umenywea, lakini macho yalikuwa yamefunguka kama ya mtu aliyetoka kwenye homa.

"Tangu Jumapili ile chakula kilikuwa hakipiti," akasema. "Mke wangu anadhani nitakufa. Sasa hivi nasikia njaa ya kweli."

Tukakata kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona. Mama mwenye nyumba hakutuuliza nani mfungwa, nani askari. Alituwekea ugali wa mtama na mlenda kwenye chungu kimoja. Mimi nikasema Bismillahi, yeye akafumba macho akaomba kwa namna yake, halafu tukanawa na kutia mikono pamoja. Tulipomaliza alifuta chungu kwa kidole, akamgeukia yule mama kama mtoto, na mimi nikashindwa kujizuia nikacheka.

"Mama," akasema, "kuna kingine?"